Mwalimu na Miungu Isiyo ya Mtu

Kuna watu wanaofuga kuku, kuna wanaofuga kinyongo, na Mwalimu alifuga miungu. Aliiweka kwenye madaftari ya shule, kila mungu ukurasa wake, na ukurasa uliotazamana na wake ulikuwa wa adui yake. Ukilifungua daftari ulikuta wawili wanakodoleana macho. Ukilifunga, alikuwa akisema, wanalala pua kwa pua, na hiyo ndiyo adhabu yao kwa kutusumbua.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa watu gani. Mwenyewe alikuwa halijibu swali hilo, na hapa Juba mtu asiyelijibu anatazamwa vibaya na pande zote. Mimi nilimkuta tayari ni Mwalimu. Nilikuwa na miaka tisa, kwenye kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, darasa letu lilikuwa turubai na magogo, na yeye ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Tuliporudi nyumbani, kila mtu kwa wakati wake, nikamkuta mtaa wa Hai Mauna amepanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea. Shule hakuwa nayo tena, lakini chaki ilikuwa bado mfukoni.

Mchezo wake aliupata huko kambini. Alikuja kijana mmoja mzungu kufundisha hesabu, hakumaliza muhula, akaondoka ameacha sanduku, na ndani ya sanduku kulikuwa na kitabu cha sheria za mchezo wa kubuni. Mchwa walishakula nusu ya pili. Nusu iliyobaki ilieleza namna ya kucheza: mmoja anasimulia dunia, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya dunia hiyo, anasema anafanya nini, na kete zinaamua kama ameweza au ameshindwa. Miungu ya dunia hiyo ilikuwa kwenye nusu iliyoliwa. "Basi mchwa wamenipa kazi," Mwalimu akasema, na kazi hiyo akaifanya miaka yote niliyomjua.

Juba tulikuwa watatu mezani kwake. Opio, Mganda mwenye ile karakana, mtu wa mageti na madirisha ya chuma. Wani, aliyekulia Nairobi, akarudi na Kiswahili cha mitaa ya huko, akapata ukarani kwenye ofisi moja Atlabara. Na mimi, ninayeuza miwani Hai Jalaba. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana Opio alizima mashine, akafuta meza yake ya kazi kwa tambara, tukakaa. Kete alizitengeneza yeye kwa kipande cha chuma, akatoboa matundu badala ya kuchora nukta. Zilikuwa nzito ajabu, ukirusha vibaya unamvunja mtu kidole. Mwalimu alipenda kuzisoma kwa dole gumba bila kuziangalia, huku anatutazama usoni, na sisi tukadhani ni madaha yake tu.

Tulicheza kwa Kiswahili, kwa amri yake. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiarabu cha Juba tulikijua sote isipokuwa Opio, ambaye alikijua cha kununulia nyama. Mwalimu alisema Kiswahili ndicho hakina mwenyewe pale mezani, kwa hiyo hakuna atakayekuwa nyumbani kuliko mwenzake. Opio akaongea chake, Wani chake, mimi hiki cha daftari nilichofundishwa, na ilikuwa marufuku kumsahihisha mtu.

Sheria ya kutunga mungu ilikuwa ngumu zaidi. Mungu asiwe na kitu chenye wenyewe. Ng'ombe hapana, ng'ombe wana wenyewe. Mkuki hapana. Mto hapana. Mvua hapana kabisa, mvua ina watu wake na wanajulikana. Wani aliwahi kuleta mungu wa samaki, amemwandika vizuri, hata picha amemchorea. Mwalimu akasoma mpaka mwisho, akamrudishia karatasi.

"Samaki wana wenyewe."

"Ai, Mwalimu! Samaki si ni ya kila mtu? Hata mimi nakula."

"Kula unakula. Lakini siku akipigwa vitani, ni nani atakuja kuniuliza kwa nini mungu wa kwao amepigwa?"

"Sasa tubaki na nini? Mawe?"

"Mawe nayo yana wenyewe," akasema Mwalimu, na hakuwa anatania.

Vilivyobaki ndivyo alivyovifanyia kazi. Kulikuwa na mungu wa Vumbi na mungu wa Tope, waliogawana mwaka nusu kwa nusu, na kila mmoja akidai mwenzake amemwibia wiki mbili. Kulikuwa na mungu wa Kipimo, anayetaka kilo iwe kilo, na adui yake mungu wa Nyongeza, yule anayeusukuma mkono wa muuza nyanya uongeze moja baada ya mizani kutulia. Hawa wawili walipigana vita virefu sana, na kila tulipovicheza nilishindwa kujua nimtakie ushindi nani. Na juu ya wote walikuwa mungu wa Kuondoka na mungu wa Kubaki. Hao sihitaji kuwaeleza kwa mtu wa hapa. Kila nyumba ninayoijua imewahi kumwomba mmoja na kumlaani mwingine, na baada ya miaka michache ikageuza.

Hakutaka mungu mwema wala mungu mwovu. "Ukimweka mmoja mwema na mwingine mwovu," alisema, "kesho kila mtu atakuwa wa yule mwema, na yule mwovu atapewa jirani." Kwa hiyo kila mungu ilibidi awe na haki yake, na sifa zake aziandike yule anayemchukia zaidi pale mezani. Mimi nikapewa kuandika sifa za Kuondoka. Nitasema baadaye kwa nini.

Mungu mpya akishaandikwa alipelekwa kwa mama wa chai, aliyekuwa na jiko lake nje ya geti la karakana. Mwalimu alichukua kigoda, akafungua daftari, akamsomea wakati yeye anakoroga sukari. Yule mama hakuwa na huruma.

"De munu?" aliuliza. Huyu ni nani?

"Mungu wa Nyongeza, mama."

"Ana mke?"

"Hana."

"Sasa nani anamwambia imetosha? Mwandikie mke."

Na Mwalimu, aliyekuwa hakubali neno la mtu yeyote kati yetu, akarudi ndani akamwandikia mke. Siku nyingine mama wa chai akamfungia hesabu kabisa. "Rabuna wahid bes," akasema, Mungu ni mmoja tu. "Hawa wako ni wafanyakazi." Mwalimu akakubali kwa kichwa. "Ni wafanyakazi, mama. Na hawaelewani kazini."

Maana mtu huyu, nisipolisema hili mtamwelewa vibaya, alikuwa Mkristo kuliko sisi wote. Kanisani alisoma masomo kila Jumapili. Kuna mtu alilibeba daftari la Vumbi na Tope akalipeleka kwa wazee wa kanisa, wakamwita. Mimi nilimsindikiza. Wakamuuliza kama ni kweli ameunda sanamu. Akasema yeye kambini alifundisha hadithi za sungura miaka yote ile, na hakuna mzazi aliyekuja kumshitaki kwamba anaabudu sungura. Wazee wawili wakacheka, watatu hawakucheka, na uamuzi ukawa apumzike kusoma kwa Jumapili tatu. Akapumzika. Njia nzima ya kurudi alikuwa amekasirika, siyo kwa adhabu, bali kwa sababu daftari lilirudishwa na doa la mafuta kwenye ukurasa wa Tope.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu aliyetuhubiria kwamba kila adui ana haki yake aligombana na jirani mwaka mzima kwa ajili ya mfereji wa maji machafu, na haki ya jirani hakuiona hata mara moja. Alisema miungu yote ina nguvu sawa, lakini sisi tulijua anampendelea Kubaki. Kubaki akikaribia kushindwa, ghafla ilitokea ngome ambayo hatukuwahi kuisikia. Wani alikuwa akipiga meza, "Hii ni rigging, Mwalimu! Hiyo ukuta imetoka wapi?" na Mwalimu anajibu kwa upole kwamba ukuta ulikuwepo siku zote, ni Wani tu hakuuliza. Akisaidiwa kuvuka barabara aliona ametukanwa. Shati lake lilipigwa pasi hata siku ambayo hana pa kwenda.

Na alikuwa na tabia moja iliyokuwa nzuri kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyokuja kutuponza. Jambo lako la moyoni hakukuuliza. Alilichukua akaliweka ndani ya mchezo.

Opio na Wani waliwahi kununiana miezi miwili kwa neno moja alilolisema Wani kuhusu Waganda wanaokuja Juba kuchuma. Walikaa meza moja hawasalimiani. Mwalimu hakuwasuluhisha, hakuwaita kando. Aliwapa mlango wa kulinda, mmoja ndani mmoja nje, na akasimulia baridi, njaa, wanyama, mpaka ikabidi mmoja ampe mwenzake funguo. Ilichukua Jumamosi tatu. Opio alipotoa funguo alisema, "Chukua. Mimi iko nimechoka," na hakusema kwa sauti ya mlinzi wa mlango. Wakatoka nje wakanunuliana chai.

Na mimi. Mume wangu alikwenda Kampala kwa wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Nilikuja mezani nimevimba macho. Mwalimu akaniwekea daftari mbele, ukurasa mtupu, akaniambia niandike sifa za mungu wa Kuondoka. Nilimchukia siku hiyo. Nikaandika kwa hasira, nikaandika Jumamosi iliyofuata, na siku moja nikajikuta nimeandika kwamba Kuondoka humwachia anayebaki nyumba yenye nafasi. Mwalimu akasoma, akagonga ukurasa kwa chaki yake mara moja, akanirudishia. Hatukuzungumza habari ile, wala haikuhitajika.

Kwa hiyo tuliamini kwamba hiyo ndiyo lugha yake. Ukitaka kumwambia Mwalimu jambo zito, unamwambia kwa njia ile.

Alianza kumwaga chai. Ukimwekea kikombe ubavuni, mkono unakigonga. Bega likawa linapiga nguzo ya geti, lile lile, shati likachanika mahali pamoja. Akawa anapita watu njiani bila salamu, na mama wa chai akasema Mwalimu siku hizi ana maringo. Kanisani aliporudishiwa kusoma, watu walimsifu kwamba amelishika somo zima kichwani. Ni kweli alilishika kichwani. Mimi nilikaa mstari wa mbele na nikaona kwamba kitabu kilikuwa kimefunuliwa mahali pengine.

Halafu akaja dukani kwangu, siku ya Jumanne, shati limenyooshwa. Alitaka miwani ya kusomea, akidai wino wa siku hizi ni hafifu. Kulikuwa na wateja wanne. Nikamsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akasoma wote, mpaka mstari wa chini kabisa ambao hata mimi nauona kwa shida. Wateja wakampigia makofi. Akainama kidogo, amefurahi sana.

Nikamwambia atazame pua yangu asiondoe macho, nikanyoosha mikono pembeni, nikaanza kuvisogeza vidole kutoka upande kuja katikati. "Ukiviona sema." Nikavisogeza. Hakusema. Nikaendelea kuvisogeza, na vidole vilikuwa karibu kugusa mashavu yangu mwenyewe aliposema, "Sasa naviona."

Mimi si daktari. Nauza miwani. Lakini hilo moja nalijua, kwa sababu miaka ya dukani imenifundisha. Presha ya jicho inaanza kula pembeni, polepole, haiumi, na inamwachia mtu katikati mpaka karibu na mwisho, ndiyo maana anasoma ubao wote na kugonga nguzo ya geti. Ilichokula hakirudi. Kinachowezekana ni kuizuia isiendelee, kwa matone ya kila siku, na yakishindwa, upasuaji Kampala. Watu wa namna hiyo nawapata mara kwa mara na siwabembelezi. Namwambia mama mwenye mtoto mgongoni, namwambia askari mwenye bunduki begani: toka hapa nenda kliniki ya macho leo hii, usipitie nyumbani.

Mwalimu nilimwambia, "Unasoma vizuri, Mwalimu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwa sababu wateja walikuwa wanampigia makofi. Kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusoma, na kumwambia mtu huyo kwamba anapoteza macho niliona ni sawa na kumvua shati mbele za watu. Nilijiambia nitamwambia Jumamosi. Nikamuuzia miwani ambayo haikuwa na faida yoyote kwake, akaivaa, akaondoka, na mlangoni bega likagonga.

Jumamosi niliwahi kufika, nikawaeleza Opio na Wani kabla yeye hajatoka chumbani kwake. Opio akakaa juu ya ndoo.

"Wewe ndiyo ya macho," akaniambia. "Wewe ambia yeye."

"Mwambie wewe. Anakaa kwako."

"Mimi? Mimi iko mtu ya mageti. Naanza wapi? Mzee, wewe nakuwa kipofu? Hapana. Hapana, sister."

Wani ndiye aliyepata njia, na tulimshukuru sana. "Wasee, si tumwambie vile yeye hutuambia? Tumwekee ndani ya game. Ataelewa. Huyu mzee haelewi nini?"

Tukaona ni heshima. Tukaona ni akili. Mimi mwenyewe niliona mzigo umenitoka mgongoni.

Tukamwomba Mwalimu siku hiyo asisimulie, acheze. Kwa miaka yote alikuwa msimulizi. Hakuna aliyewahi kumwomba awe mtu ndani ya dunia yake mwenyewe. Uso wake ulifunguka. Nikasimulia mimi. Nikamfanya kuhani mzee wa hekalu la Kubaki, na nikamwambia kwamba kuta za hekalu zimeanza kusogea, ya kulia na ya kushoto, kidogo kidogo kila siku, na anayeziona ni kuhani peke yake. Akauliza, zina kelele? Nikasema hazina. Zinaumiza? Haziumizi. Akaitikia kwa kichwa polepole, na mimi, Opio na Wani tukatazamana. Ameelewa, tukadhani.

Jumamosi ya pili Opio akaja kama mganga wa mlimani. Akamwambia kuhani kwamba mlimani kuna maji, tone moja asubuhi na moja jioni, na kuta zitasimama pale zilipofika, lakini hazitarudi nyuma. Lazima kuhani atoke hekaluni, apande mlima. "Nakuomba, baba," Opio alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Twende pamoja. Mimi nashika mkono yako." Mwalimu akajibu kwa hoja. Nani atawasha taa za hekalu? Wani akawa mwanafunzi wa kuhani, akasema atawasha yeye. Mwalimu akauliza, na Kuondoka akisikia kwamba kuhani wa Kubaki amepanda mlima, atasema nini sokoni? Tulijibu, akatupinga. Tulirudi Jumamosi ya tatu na hoja mpya. Nilikuwa naziandaa dukani wiki nzima, kwenye karatasi za kufungia miwani. Sijawahi kumbembeleza mtu hivyo, hata mume wangu sikumbembeleza hivyo.

Jumamosi ya nne kuhani alitoa jibu. Mwalimu alisimama, jambo ambalo hakulifanya kamwe mezani. Akasema kuhani amezisikia sauti zote, na anawashukuru wote wanaompenda, na anabaki. Kuta zije. Yeye atakaa katikati, mahali ambapo bado panaonekana, na atasoma mpaka mstari wa mwisho. Alipomaliza alikuwa analia. Akatupa mkono mmoja mmoja, akachukua daftari lake, akaenda chumbani, na akagonga nguzo.

Kisha Opio akasema, "Mzee amejibu."

Amejibu. Sasa utafanya nini? Mtu mzima amefikiri, amelia, amekataa kwa mdomo wake. Utamfunga kamba? Nilikwenda nyumbani nikiwa na huzuni, na nitasema ukweli, nilikuwa pia nimepumua, kwamba nimefanya sehemu yangu. Ndani ya miaka miwili iliyofuata niliona kila kitu. Niliona anapoanza kuandika nje ya mistari. Niliona anaposhika ukuta. Kila nilipofungua mdomo nilikumbuka jinsi alivyosimama siku ile, nikaufunga. Hakuna kitu kinachochosha mikono kama kutazama jambo ambalo umeshaambiwa usiliguse.

Siku moja, saa nane mchana, jua linachoma mabati, akauliza kama Opio ameshusha turubai mlangoni. Turubai halikuwa limeshushwa. Hapo tukambeba, hakupinga, tukampeleka kliniki. Daktari, mwanamke kijana, alimpima muda mrefu. Akasema presha ya macho imemaliza yote, na kwamba angeletwa miaka miwili nyuma kungekuwa na la kufanya.

"Hatukujua, daktari," Mwalimu akasema.

Sisi watatu tukatazama sakafu. Nilidhani anatusitiri.

Opio sasa amerudi kwao Uganda, karakana ina mwenyewe mwingine, naye huyo mpya amemwachia Mwalimu chumba kile kile. Wani bado yupo lakini Jumamosi ana mambo mengine. Mimi naenda Hai Mauna ninapoweza. Mwezi uliopita nilikwenda asubuhi, siku ya kazi, duka nimelifunga kwa sababu sikuwa na miwani ya kuuza, mzigo ulikuwa umekwama njiani. Nilimkuta ameketi kitandani, shati limepigwa pasi, sijui na nani. Nikamsalimu, akanijua kwa sauti, akaninyooshea mkono upande ambao sikuwepo, nikazunguka nikaushika.

Tulizungumza habari za bei na mvua. Kisha akaniuliza habari za duka.

"Mtu kama mimi nilivyokuwa," akasema, "akija kwako leo, unamwambia nini?"

"Namwambia aende kliniki siku hiyo hiyo."

"Hivyo hivyo? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, Mwalimu."

"Wanakasirika?"

"Wengine wanakasirika. Wengi wanakwenda."

"Vizuri," akasema. "Hiyo ni kazi nzuri, mwanangu. Uifanye hivyo hivyo."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa ananisifu, na asubuhi ilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa nimekaa na jambo lile muda mrefu, na nilitaka aniambie kwamba hakuwa na kinyongo.

"Mwalimu, na sisi tulikuomba," nikasema. "Tulikuomba sana. Ukakataa."

"Mliniomba nini?"

"Uende ukatibiwe."

Akageuza uso kunielekea. "Lini?"

"Jumamosi zile nne. Yule kuhani. Kuta, na maji ya mlimani."

"Kuhani wa Kubaki!" Akatabasamu uso mzima. "Yule angepandaje mlima? Angekuwa kuhani wa nani tena? Nilihangaika naye, mwanangu, usiku silali. Nilitaka kumwachia aende, kwa jinsi Opio alivyoomba. Lakini mchezo ungekuwa wa uongo." Kisha tabasamu likabaki usoni bila kujua liende wapi. Nikaona analihesabu jambo lile toka mwanzo, kuta, matone, asubuhi na jioni. Ilichukua muda.

"Yule alikuwa mimi?"

Nikasema ndiyo.

Nilitaka anitukane. Nilitaka arushe kitu. Nilisikia mashine ya mwenye karakana mpya ikiwashwa, ikazimwa, ikawashwa tena, na yeye alikuwa bado ameushika mkono wangu, hakuuachia wala hakuuminya.

"Siku ile ya mwisho," akasema, "nilirudi humu ndani nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwamba wanafunzi wangu wameuweza mchezo."